Shangazi wa Masijala: AI ilikosea saa, kijana wa watu kapewa barua ya kujieleza

BARUA

Shikamoo Shangazi.

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani. Watoto nimewaambia mama ana kazi ya ofisini, na kwa namna fulani sijadanganya.

Nina miaka 34, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nimeajiriwa kama ofisa miradi kwenye shirika dogo linalofanya kazi na vikundi vya wakulima wa alizeti Kongwa na Mpwapwa. Tuko watu kumi na mmoja tu. Kazi yangu ni barua, ratiba, ripoti za wafadhili, mihtasari ya vikao, na kila kitu ambacho pale ofisini hakina mwenyewe.

Mwaka jana mwishoni mdogo wangu anayesoma chuo cha UDOM alinionyesha AI, yaani akili mnemba, ya kuchati. Mwanzoni ilikuwa inaninyooshea Kiingereza tu. Basi siku moja nikaona pameandikwa kwamba naweza kuiunganisha na barua pepe, kalenda na mafaili. Nikaunganisha. Akaunti ya AI ni yangu binafsi, nalipia mwenyewe, lakini nilivyounganisha ni vya ofisi, maana kazi ndiyo iliyokuwa inanilemea. Ikaomba ruhusa hii, ikaomba ile, nami nikabonyeza Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu, kama mtu anayekopa kwenye simu usiku ana shida.

Shangazi, nisikufiche, nilipumua. Ripoti ya robo mwaka iliyokuwa inanila siku nne nikawa naimaliza asubuhi moja. Bosi akaanza kunitaja kwenye kikao cha Jumatatu: "Jifunzeni kwa mwenzenu." Wenzangu wakawa wananiuliza nalala saa ngapi. Nikawa nacheka tu. Siri ya mtungi muulize kata.

Basi mwezi uliopita tukapata ugeni, wafadhili watatu kutoka Dar, waje kuonana na vikundi vyetu Kibaigwa, kule Kongwa. Ofisa ugani aliniandikia barua pepe fupi ya Kiswahili: watu wakishatoka mashambani "tukutane saa 8 kamili". Hakuandika mchana. Nani angeuliza? Nikaiambia AI isome ile barua, iweke kikao kwenye kalenda, iwaandikie wageni mwaliko kwa Kiingereza na iutume. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi kila kitu kilikuwa tayari. Sikusoma.

Iliandika 8:00 AM.

Wageni walikuja na SGR, wakalala mjini, asubuhi saa 12 wakaondoka. Saa 2 kasoro wako Kibaigwa. Wakakuta uwanja mtupu na mbuzi. Simu yangu ilikuwa kwenye chaji. Wakasubiri mpaka saa 5, wakageuza. Saa 8 mchana akina mama wa vikundi wakafika na khanga zao mpya na sufuria za chakula walichowapikia wageni, wageni hawapo.

Bosi aliwaka. Akauliza kalenda anashika nani. Kwa utaratibu wetu anashika kijana mmoja wa kujitolea, kamaliza chuo mwaka huu. Watu wote wakamgeukia. Yeye mwenyewe alichanganyikiwa, akasema, "Labda nilikosea, samahani." Basi mimi nikanyamaza. Sasa kapewa barua ya kujieleza, mwisho Ijumaa, na nasikia muda wake hautaongezwa. Kila asubuhi ananisalimia, "Shikamoo dada."

Kuna jingine. Siku nyingine niliiomba AI initafutie bajeti ya mafunzo, ikaniletea na jedwali la mishahara ya ofisi nzima. Inaonekana mhasibu aliweka folda wazi kwa wote bila kujua. Nimegundua mwenzangu aliyeajiriwa nyuma yangu analipwa zaidi yangu. Siwezi kumwangalia usoni. Na kwenye mafaili hayohayo kuna majina ya wanavikundi, namba zao za simu, na ya wale wa mradi wa lishe kuna habari za afya za watoto wao. Nimeanza kujiuliza vyote hivyo nimevipeleka wapi.

Nimwambie bosi au niache mambo yapoe? Nikiikata hii AI nitarudi kuwa yule wa siku nne, na watajua sifa zote zilikuwa za mashine. Na hili la mshahara nifanyeje?

Nisaidie mama yangu.

Aliyenyamaza, Nkuhungu

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako umeiandika kwa mkono wako. Nimejua kwa hizo "basi" zako, kila ukifika kituo unashusha moja. Nimeshukuru, maana siku hizi napokea barua za watu ambao ndoa zinaungua moto, zimeandikwa kama taarifa ya mwaka ya benki.

Tuanze na kijana, kwa sababu Ijumaa haina subira.

Mwambie bosi kesho asubuhi. Mwingie kabla hajaanza kupokea watu, mlango umefungwa, mkiwa wawili. Usimwandikie WhatsApp, na tafadhali usiiombe AI ikutungie cha kusema. Maneno ya kwanza yawe haya au ndugu zake: "Bosi, ule mwaliko wa Kibaigwa niliutuma mimi. Saa niliikosea mimi. Kijana hakuhusika." Kisha nyamaza kidogo, ayameze. Habari za AI zije baada ya hapo. Ukitanguliza AI atasikia mtu anayetafuta wa kumtwika mzigo, na wewe ulishampata mmoja tayari.

Utaniambia kijana mwenyewe alikubali. Hakukubali. Alisema "labda". Mtoto wa kujitolea, hana mkataba, watu kumi wanamtazama, bosi amewaka: hiyo "labda nilikosea, samahani" ni adabu aliyotoka nayo kwao. Ofisi yenu imeichukua adabu yake ikaifanya ushahidi, na wewe ulikuwa umekaa pale. Sikusemi ili ulie. Nakusema kwa sababu kwenye barua yako umelieleza jambo hili kwa mistari michache halafu ukaniuliza kama "uache mambo yapoe". Yatapoa kwako. Kwake yataingia kwenye jalada.

Hapo kwenye jalada nisikilize vizuri, maana ndiko nilikotumia maisha yangu. Nilikuwa mtunza kumbukumbu wa serikali, kwanza Dar es Salaam, halafu tukahama na wizara kuja huku Dodoma wengi wetu tukinung'unika vumbi. Bosi wako akishakuelewa atasema, "Haya, basi, nitamwambia kijana yaishe." Usikubali yaishe hivyo. Neno la mdomo haliingii kwenye jalada. Ile barua ya kujieleza ina nakala, imeshapewa folio, yaani namba yake ndani ya jalada, na kesho kutwa akiomba kazi mahali wakapiga simu kuuliza, atakayeshika simu hatakuwa na kumbukumbu ya mazungumzo yenu, atakuwa na karatasi. Omba iandikwe barua nyingine ya kuifuta ile, yenye sababu, ikae kwenye jalada hilohilo. Jitolee kuandika rasimu yake. Kwa mkono wako.

Wewe nawe huenda ukapata barua yako. Ipokee. Mimi nilipewa mwaka 1994 kwa jalada lililopotea siku tatu likaja kuonekana nyuma ya kabati la chai. Niliandika ukurasa mmoja, sikumtaja mtu, nikapewa onyo. Nimestaafu salama na kiinua mgongo changu nimejengea vyumba viwili.

Kuna kesi moja ya Marekani naipenda sana kwa watu wa hali yako. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi sita ambazo hazipo duniani. ChatGPT, AI ya kuchati kama hiyo yako, ilikuwa imezitunga, na wao hawakuhakiki. Juni mwaka huo jaji akawapiga faini ya dola 5,000. Watu wengi wakiisimulia husema waliadhibiwa kwa kutumia AI. Sivyo alivyoandika jaji. Alisema kutumia chombo cha namna hiyo kama msaada hakuna ubaya wenyewe. Kilichowaponza ni kwamba walipoulizwa hizo kesi ziko wapi, waliendelea kuzisimamia badala ya kusema mapema kwamba wamekosea. Wangesema mapema, mambo yao yangekuwa na sura nyingine. Wewe bado una nafasi yako, ila imebaki mpaka Ijumaa.

Sasa tuje kwenye hiyo saa, kwa sababu hili linawapata wengi na hawajui kwa nini.

Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Saa moja yetu ya asubuhi, wanaotumia Kiingereza wanaiita saba. Tofauti ni saa sita, asubuhi na jioni, haibadiliki. Mashine hizi zimelishwa maandishi ya Kiingereza kwa wingi kuliko ya lugha yoyote, ya kwetu zimeonjeshwa. Zinajua saa ya Kiswahili ukiziuliza moja kwa moja, zitakupa somo zuri kabisa. Lakini zikikutana na "saa 8 kamili" katikati ya barua fupi, bila asubuhi wala mchana, zinaweza kuchukua njia ya mkato na kuandika 8:00. Ofisa ugani wako hakukosea kitu. Aliandika kwa mtu wa Kongwa anayejua kwamba saa 2 asubuhi, ndiyo hiyo 8:00 AM, mkulima yuko shambani na saa 2 usiku yuko na familia yake. Ujuzi huo haukuandikwa kwenye barua, ulikuwa kichwani mwako, na wewe ulikuwa umekwenda kunywa chai.

Hata sisi wenyewe hukosana. Nimewahi kumsubiri mgeni wa Nairobi stendi tangu alfajiri kwa sababu kila mmoja alimwonea mwenzake huruma akamtafsiria saa kwenye simu, tukawa tumetafsiri mara mbili. Dawa yake ni ndogo: kila mwaliko unaotoka ofisini uandikwe kwa sura zote mbili, "saa 8 mchana, yaani 14:00". Saa za 24 hazina ubishi. Na kabla hujaikubali rasimu, iambie AI ikutajie ni sentensi gani kwenye barua ya awali imeitoa hiyo saa, na imeielewa vipi. Hapo ndipo utakapoiona ikijikwaa.

Lakini saa ilikuwa dalili tu. Ugonjwa ni zile Ruhusu tatu.

Wizarani tulikuwa na masijala mbili, ya wazi na ya siri. Masijala ya siri ilikuwa chumba chenye mlango wa chuma na mama mmoja asiyecheka. Ukitaka jalada lake, jina lako lazima liwe kwenye orodha, unasaini, inaandikwa limekwenda kwa nani na linarudi lini. Sasa piga picha umeajiri karani mpya leo asubuhi. Ana mwendo, ana adabu, anaandika Kiingereza cha kupendeza, hachoki, hana mji. Unamkabidhi funguo zote mbili, muhuri wa ofisi, na karatasi zilizosainiwa jina lako chini zikiwa tupu juu. Kisha unaenda kunywa chai. Ndicho ulichofanya. Kwa nini ulimpa muhuri wakati ulihitaji akusomee tu?

Unapobonyeza Ruhusu, huipi AI nywila yako. Unaipa kibali, na kibali hicho kwa kawaida kinabaki hai hata ukifunga ukurasa, hata ukizima kompyuta, mpaka wewe au msimamizi wa mfumo akifute. Vibali vyenyewe vina daraja. Kuna cha kusoma tu. Kuna cha kuandika rasimu. Kuna cha kutuma, kufuta na kualika watu. Mara nyingi mtu anaweza kuchagua, lakini kitufe cha kukubali vyote ndicho kikubwa na chenye rangi. Viunganishi hivi vimeenea haraka tangu Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ilipotoa utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol wa kuunganisha AI na programu nyingine, na mwaka uliofuata OpenAI na Google nao wakaukubali. Zamani kuunganisha kulihitaji fundi. Leo kunahitaji kidole.

Ikishaunganishwa inaona unachokiona wewe. Hapo ndipo mishahara ilipotokea. AI haikuvunja kabati la mhasibu, kabati lilikuwa wazi tangu siku nyingi. Ulikuwa hujalijua tu, maana wewe usingepata muda wa kufungua folda mia mbili ukisoma. Karani asiyechoka anafungua zote. Kampuni kubwa duniani zilizowapa wafanyakazi wake wasaidizi wa namna hii ziligundua jambo hilohilo: faili lililokuwa limesahaulika likiwa wazi kwa wote linaibuka siku mtu akiuliza swali la kawaida.

Na kuna baya zaidi, ambalo halijakupata na nisingependa likupate. Msaidizi anayesoma barua zako anasoma na za watu usiowajua. Mtu anaweza kukutumia barua pepe ambayo ndani yake amechomeka maagizo yanayomlenga msaidizi wako, wewe usiyaone. Juni 2025 watafiti walitangaza udhaifu walioupa jina la EchoLeak kwenye Copilot, msaidizi wa AI wa Microsoft 365: barua moja iliyopangwa vizuri ingeweza kumfanya msaidizi atoe habari za ndani kuzipeleka nje, na mwenye sanduku asibonyeze chochote. Microsoft waliuziba, wakasema hakuna mteja aliyedhurika. Wao wana jeshi la wahandisi. Nyinyi mko kumi na mmoja na kijana mmoja wa kujitolea ambaye mnataka kumfukuza.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, fungua mipangilio ya akaunti ya barua pepe ya ofisi, upande wa usalama. Utaona orodha ya programu za nje zilizopewa ruhusa. Ifute hiyo AI hapo. Usiishie kuifuta kwenye simu yako, maana ukiiondoa simuni kibali kinabaki. Kisha ingia kwenye AI yenyewe, futa mazungumzo yenye majina ya watu, na uangalie kama mazungumzo yako yanaruhusiwa kutumika kuifundisha mashine. Kwenye akaunti nyingi za mtu binafsi unatakiwa uzime mwenyewe. Za kampuni kwa kawaida mkataba wake ni tofauti. Ndiyo sababu sikulaumu sana kwa kutumia AI, nakulaumu kwa kuweka vitu vya ofisi kwenye mkoba wako.

Hayo ya wanavikundi usiyachukulie kama umbea wa ofisini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Taarifa za mtu zinakusanywa kwa kusudi aliloelezwa, zinatumika kwa kusudi hilo. Habari za afya zinahesabiwa nyeti. Kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake, na kompyuta za hizi AI haziko Kizota. Mama wa Mpwapwa aliyekubali mtoto wake apimwe uzito hakukubali zaidi ya hapo. Hili mwambie bosi kesho hiyohiyo, pumzi moja na lile la kwanza, kwa sababu shirika ndilo litakaloulizwa, na yeye ana haki ya kulijua kwako kabla hajalijua kwa mwingine.

Najua unavyofikiri: nikieleza yote hayo, nimekwisha. Sifa zilikuwa za mashine.

Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Nilipoanza kazi tulikuwa tunachapa kwa mashine ya kugongagonga na karatasi ya kaboni, ukikosea herufi unaanza ukurasa upya. Zilipokuja kompyuta, mwenzetu mmoja aliyejifunza mapema akawa anamaliza saa 6 mchana. Hakuna aliyesema sifa ni za kompyuta. Tulimwonea wivu, kisha tukamwomba atufundishe. Kosa lako si wepesi. Ulificha wepesi umetoka wapi, ndiyo maana siku ya kosa ukalazimika kuficha na kosa.

Mweleze bosi unavyofanya kazi, mwonyeshe, mwombe ofisi iwe na akaunti yake yenyewe na masharti yaliyoandikwa, hata ukurasa mmoja. Mimi ningeiachia isome mihtasari ya vikao, ikusanye namba za ripoti kutoka folda moja uliyoitenga, iandae rasimu. Kutuma nisingeipa. Kufuta nisingeipa. Majina ya wakulima nisingeipa, weka namba za vikundi badala yake. Rasimu ikae mpaka mtu aisome mpaka mwisho, kwa macho, si kwa imani. Ripoti itakuchukua siku moja na nusu badala ya asubuhi moja. Bado umeokoa siku mbili na nusu.

Kongwa pale, watu wa umri wangu walisimuliwa na wazazi wao habari za mpango wa karanga wa Waingereza. 1947 wakaja na matrekta, wakaja na wataalamu, udongo wa kule ukikauka unakuwa kama sakafu, mvua ikaja kwa mapenzi yake, na kufikia 1951 wameshaufunga. Siwezi kuwasikia watu wakisifia mashine yoyote inayopelekwa Kongwa bila kukumbuka kwamba Wagogo walikuwepo pale, na wangeulizwa habari za mvua wangejibu bure.

Mshahara: kesho au kesho kutwa, mwambie mhasibu kwa utulivu kwamba folda yake iko wazi kwa ofisi nzima, aifunge. Usimtajie ulichosoma. Mwenzako hajakuibia kitu, aliomba akapewa. Nawe omba, lakini subiri haya yapite, na ukiomba peleka kazi zako mezani, usipeleke alichopata jirani. Ukitaja namba uliyoiona, mazungumzo yote yatageuka kuwa uliionaje.

Kijana mfuate mwenyewe baada ya kutoka kwa bosi, kabla hajasikia kwa wengine. Asipokusalimia siku mbili tatu, vumilia.

Umeniuliza habari za bosi, habari za AI na habari za mshahara. Akina mama wa Kibaigwa waliopika hukuniuliza. Jumamosi hii panda basi stendi ya Nanenane, nenda ukawaone. Usiwatumie ujumbe. Waambie wageni walikuja, tena mapema, na kwamba saa uliikosea wewe, maana mpaka sasa wanajua walidharauliwa. Chakula kile walichangishana. Ulizia ilikuwa shilingi ngapi, na kabla hujaondoka waulize wao siku ipi itawafaa wageni wakirudi, na saa ngapi. Iandike kwenye daftari wakiwa wanakuangalia.